Fuata Anayesubirishwa: Namna ya Kuchunguza Kazi Mtaani Kwako

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya kozi yangu ya sosholojia ya kazi, wanafunzi wanapata zoezi moja kabla hatujagusa nadharia yoyote. Nenda nyumbani, muulize mama, shangazi au jirani: "Unafanya kazi?" Jibu liandike kama lilivyotamkwa. Wiki inayofuata tunayasoma kwa sauti darasani, na sijawahi kuona mwaka ukapita bila mwanafunzi kusoma jibu la mama yake hivi: "Mimi sifanyi kazi, nipo tu nyumbani." Hapo namuuliza ada yake ya sekondari ilitoka wapi. Darasa linakaa kimya wakati anajibu. Ilitoka kwenye vitumbua. Mama anaamka saa tisa usiku kukoroga unga aliouloweka tangu jana, na kuanzia saa kumi na moja yuko jikoni, moshi machoni. Huyo ndiye "asiyefanya kazi".

Nafundisha Dar es Salaam, na utafiti wangu wote nimeufanya kwenye vijiwe, masoko na saiti za ujenzi za jiji hili. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeanza, lakini ni wa mwandishi wa habari pia, na wa katibu wa chama cha bodaboda anayetaka kwenda manispaa na hoja zenye uzito. Shahada si sharti. Unahitaji daftari, saa, wiki mbili na adabu.

Anza na maneno

Kiswahili kina maneno mengi ya kazi na kila moja lina mlango wake. Ajira ni ile yenye barua, mshahara na makato. Kibarua ni cha leo, kesho hujui. Kuna shughuli, biashara, mishe, kubangaiza, kujitafutia, kijungu jiko. Ukimuuliza mtu kuhusu ajira atakwambia hana, naye hasemi uongo. Ukimuuliza kuhusu kazi anaweza kukataa vilevile, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kazi ni kwenda ofisini au kiwandani. Ndiyo maana mimi siulizi "unafanya kazi gani" hadi siku ya tatu au ya nne. Swali la kwanza ni hili: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini na nini?" Kisha nanyamaza.

Usidhani huu ni ugomvi wa kamusi. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyofuatwa na operesheni ya Nguvu Kazi. Mjini, aliyeshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji, akakamatwa na kupelekwa kijijini. Wauza karanga na wachuuzi wa samaki waliojilisha wenyewe na watoto wao walipandishwa kwenye malori kwa sababu shughuli yao haikuwa na jina kwenye karatasi. Desemba 2018 wamachinga walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000 na kuitwa wajasiriamali wadogo. Watu walewale, jasho lilelile, jina jingine. Anayeandika kuhusu kazi anashika sehemu ya uwezo huo wa kutaja na kutotaja, kwa hiyo aandike kwa uangalifu.

Hata watakwimu wa dunia walichelewa kulikubali hili. Ni mwaka 2013, kwenye mkutano wao chini ya Shirika la Kazi Duniani, ndipo walipopitisha tafsiri inayosema kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya nyumbani kwako, iwe na malipo au isiwe nayo. Kwa tafsiri hiyo kuteka maji ni kazi. Mama zetu walilijua hilo mgongoni kabla halijaandikwa.

Chagua mahali padogo

Wanafunzi wananiletea mada kama "changamoto za sekta isiyo rasmi Tanzania". Naikata palepale. Chukua kijiwe kimoja cha bodaboda. Chukua kona moja ya soko la Mabibo ambako ndizi zinashushwa. Chukua wapara samaki wanaokaa safu moja pale soko la samaki la Feri. Ukikijua kijiwe kimoja vizuri utaweza kuuliza maswali ya maana kuhusu vijiwe vingine mia. Ukianza na nchi nzima utaishia kunakili hotuba.

Kabla hujaenda, tafuta kama kuna aliyetangulia. Michael Burawoy, mwanasosholojia aliyefariki Februari 2025, alianzia kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na mwaka 1974 akaajiriwa kuendesha mashine katika kiwanda cha injini Chicago. Akiwa ndani akagundua kwamba mtafiti mwingine, Donald Roy, alifanya kazi katika kiwanda hichohicho miaka 30 nyuma na kuacha maandishi ya kina. Bahati hiyo ilimwezesha kuona kilichobadilika na kilichobaki. Wewe usingoje bahati. Waulize wazee wa soko, pitia tasnifu zilizolala maktabani. Mara nyingi kuna mtu alikaa pale kabla yako akaandika, na hakuna aliyemsoma.

Vibali fuata kwa utaratibu: barua ya chuo, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ila usiingie kijiweni ukiwa umeongozana na mtendaji. Nimeona utafiti mzuri ukifa kwa kosa hilo, kwani watu wakiona kiongozi wanawaza ushuru au bomoabomoa, na baada ya hapo kila jibu utakalopewa limeoshwa. Onyesha barua ofisini, pata muhuri, kisha nenda peke yako, kwa miguu, muda ambao pilika zimepungua.

Salamu yetu itakusaidia. "Poleni na kazi." Sisi tunampa mtu pole kwa sababu anafanya kazi, kama vile tunavyompa mgonjwa au aliyepata msiba. Ukiitamka kwa dhati watakujibu "tumeshapoa", na hapo una nafasi ya kujieleza: wewe ni nani, umetumwa na nani, utakaa siku ngapi, utaandika nini, hutaandika nini. Sema wazi kwamba huna mkopo wa kutoa wala mradi unaokuja. Kama hujalisema hilo siku ya kwanza, siku ya tano utaombwa, na utaonekana uliwadanganya.

Dodoso liache nyumbani. Mwaka 1880 Karl Marx aliandika maswali kama mia moja kwa wafanyakazi wa Ufaransa, yakachapishwa na kusambazwa. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache mno. Mtu aliyetoka kazini amechoka hakai chini kujaza maswali mia. Miaka kumi na sita baadaye, kule Philadelphia, mwanasosholojia W.E.B. Du Bois alihamia kwenye mtaa aliotaka kuuchunguza na kupita nyumba kwa nyumba akiongea na watu mwenyewe. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1899 na bado naifundisha.

Andika saa, na uziandike za Kiswahili

Zana yangu kuu ni jedwali la saa ishirini na nne. Mistari mlalo ni saa, na nguzo ni tatu: alikuwa wapi, alifanya nini, alikuwa na nani. Unamjazia mtu mmoja siku nzima, kisha siku nyingine, kisha siku ya mapumziko kama anayo. Watu watano waliojaziwa vizuri siku tatu tatu watakupa mengi kuliko watu mia mbili waliojibu "ndiyo" na "hapana".

Kuhusu saa, sikiliza kosa langu. Utafiti wa kwanza niliousimamia mwenyewe ulikuwa na fomu iliyoandaliwa kwa Kiingereza. Wasaidizi wangu walihoji kwa Kiswahili. Mmoja alisikia "saa kumi" akaandika kumi. Mwingine alisikia "saa kumi" akaandika nne. Wa tatu aliandika kumi bila kutaja ni alfajiri au jioni. Tulipokaa kuchambua hatukuweza kujua kama wanawake wale walianza kazi alfajiri, asubuhi au alasiri. Fomu arobaini zikawa karatasi tupu. Wanawake arobaini walinipa muda wao, nami nikautupa. Tangu siku hiyo hakuna fomu yangu isiyoandikwa saa kwa Kiswahili na kando yake usiku, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri au jioni. Ubadilishaji tunaufanya baadaye, mezani, watu wawili, mmoja akimkagua mwenzake.

Fuata kusubiri

Hapa ndipo moyo wa ninachofundisha ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtafiti mgeni anaangalia mikono. Anaandika: anakata vitunguu, anabeba zege, anaendesha pikipiki. Wewe angalia mikono ikiwa imetulia. Tafuta saa ambazo mtu yupo kazini na kazi haipo. Kisha uliza: nani anamsubirisha, na gharama ya kusubiri inamwangukia nani?

Nitakupa mfano mmoja kwa karibu. Kuna mama lishe niliyekaa naye kando ya saiti ya ghorofa. Banda lake ni nguzo nne na turubai, majiko mawili ya mkaa, sufuria ya wali, ya maharage, na dagaa siku ambazo samaki wamepanda bei. Wateja wake ni mafundi na saidia fundi. Chini ya meza, kwenye mfuko wa nailoni, anaweka daftari la madeni. Nilipolifungua siku ya kwanza nilikuta halina majina. Limejaa sura: "Mrefu wa zege, 2." "Kofia nyekundu, wali samaki." "Yule wa Mtwara, 3, chai." "Mdogo wake Kofia, 1." Namba ni sahani. Majina hakuwahi kuyauliza, kwa sababu vibarua hubadilika kila wiki na jina halimrudishi mtu aliyehama. Sura unaweza kuitambua getini.

Kwa nini getini? Kwa sababu Jumamosi ni siku ya malipo. Kuanzia saa saba mchana anaacha majiko kwa binti yake, anajifunga khanga ya pili, anakwenda kusimama kwenye geti la saiti. Jumamosi ya kwanza niliyosimama naye pesa zilitoka saa kumi na moja jioni. Jumamosi ya pili hazikutoka. Foromani alisema mkandarasi hajaleta. Mkandarasi alikuwa anasubiri mwenye jengo alipe hatua iliyokamilika. Mwenye jengo, kwa maelezo waliyopewa, alikuwa safarini.

Sasa uufuate mnyororo ule kutoka juu. Mwenye jengo anachelewa na hapungukiwi na chochote. Mkandarasi anasubiri, ila ana gari na ana benki. Foromani anasubiri, ana mshahara wake. Saidia fundi anasubiri akiwa amekula sahani kumi za mkopo. Mama lishe anasubiri akiwa amenunua mchele, mkaa na mafuta kwa pesa taslimu. Na Jumatatu asubuhi watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanakuja bandani kuchukua marejesho ya wiki, na hao hawasubiri hata saa moja. Ghorofa ile, kwa wiki nzima, iliendelea kupanda kwa mkopo wa mwanamke mwenye majiko mawili. Jina lake haliko kwenye bango la mradi pale mbele.

Ukiuliza tu "changamoto zako ni zipi?" atakujibu "mtaji mdogo", kwa sababu ndilo jibu ambalo kila mradi umemfundisha. Mnyororo huu unauona kwa kusimama getini.

Kusubiri kuna historia, na mtafiti wa pwani yetu anapaswa kuijua. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kwenye mashamba ya mkonge Tanga wafanyakazi waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Bandarini Dar es Salaam na Mombasa makuli waliajiriwa kwa siku: meli ikija kuna kazi, isipokuja unarudi na njaa yako, na mwajiri hadaiwi chochote kwa asubuhi uliyopoteza getini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, tena 1943, tena 1947. Mombasa, Januari 1947, mgomo uliwakusanya watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani. Walidai nyongeza, ndiyo, lakini mgomo una jambo jingine ndani yake: kwa siku chache aliyezoea kusubirishwa anamsubirisha mwenye meli. Nikisimama geti la saiti Jumamosi nayaona yale mageti ya bandari.

Piga hesabu mbele yake

Kwa bodaboda kusubiri kunahesabika kwa urahisi, basi uhesabu. Kaa kijiweni na daftari. Andika kila abiria aliyetoka: saa, anakokwenda, nauli, amerudi saa ngapi, amerudi na mtu au mtupu. Ubaoni huwa natumia mfano huu. Dereva ametoka saa kumi na mbili asubuhi, amerudi saa mbili usiku: saa kumi na nne. Amepata shilingi 30,000. Hesabu ya bosi, yaani anayompelekea mwenye pikipiki, 10,000. Petroli 8,000. Chakula 4,000. Akitenga 1,000 kwa ajili ya oili na matairi, zinabaki 7,000. Wanafunzi wanauliza analipwa ngapi kwa saa. Inategemea ni saa zipi. Ukihesabu zile tano tu alizokuwa na abiria mgongoni, ni 1,400. Ukihesabu zote kumi na nne alizokuwa juani, ni 500. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, lakini yeye si mwajiriwa wa mtu kwenye karatasi, kwa hiyo saa zake hazina mwenye kuzilinda.

Hesabu hii ifanye mbele ya dereva mwenyewe, si chumbani kwako. Wapo watakaokusahihisha. Mmoja aliniambia nimekosea kuandika saa za kijiweni kama saa tupu: pale ndipo alipojua polisi wamekaa wapi leo, ndipo michango ya mwenzao aliyepata ajali inapokusanywa, ndipo deiwaka, dereva wa kushikilia kwa muda, anapompokea pikipiki akienda msikitini. Alikuwa na haki. Kusubiri kuna hasara na kuna ujirani ndani yake, na jedwali lako liwe na nafasi ya vyote viwili.

Angalia pia kazi ya uso. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1983, kwa kuwatazama wahudumu wa ndege, kwamba kuna kazi ambazo mtu analipwa ili apange hisia zake: atabasamu, avumilie, atulize. Yule mama lishe anayemdai mtu siku tisa na bado anamwita "mwanangu, leo nikuwekee nini?" anafanya kazi hiyo bila mshahara wake. Kwenye jedwali ninaiandikia alama ya pembeni.

Muda wao una bei

Ukimhoji bodaboda saa moja umemnyima safari mbili au tatu. Wenzangu kadhaa wanasema kulipa kunaharibu majibu. Mimi nalipa, na nasema mapema: nauli ya saa nzima kama angekuwa barabarani. Kwa mama lishe nakula na kulipa taslimu palepale, sahani kwa bei ya wote, na naosha vyombo. Kuosha vyombo kumenifundisha umbali wa bomba na bei ya ndoo, ambavyo hakuna swali langu lililovigusa. Usipige picha ya daftari la madeni. Jina la mtaa, rangi ya banda na jina la saiti vibadilishe kwenye maandishi yako, maana anayemkopesha anaweza kusoma pia, na foromani vilevile.

Rudi na ulichoandika

Matokeo yarudishe kabla hayajaenda kwa msimamizi wako au mhariri. Yasome kwa sauti, kwa lugha yao, kijiweni au bandani, muda ambao haumkatizi mtu riziki.

Yule mama nilimrudia na jedwali lake nikiwa nimelichapa vizuri, mistari imenyooka. Nilimsomea kuanzia saa kumi alfajiri, sokoni, hadi saa tatu usiku, "amelala". Alisikiliza huku anachagua mawe kwenye mchele. Nilipomaliza akaomba kalamu. Akafuta neno "amelala" kwa mstari mmoja, na mbele ya saa tatu usiku akaandika kwa herufi kubwa: NASUBIRI MAJI YA DAWASA YAFUNGULIWE. Akashuka mistari miwili chini, penye saa tano, akaandika: SASA NIMELALA.